Makazi ya usaidizi kwa wazee jimboni Washington: tathmini baada ya miezi tisa ya kulipa

Mama alipoanguka bafuni mwezi wa saba mwaka 2024, alilazwa hospitali siku sita, kisha akapelekwa kwenye nyumba ya uuguzi kufanya mazoezi ya kurudisha nguvu za mguu. Medicare, bima ya afya ya serikali kuu hasa kwa walio na miaka 65 na zaidi, hulipia siku 20 za mwanzo katika nyumba ya namna hiyo, ilimradi mgonjwa awe amelazwa hospitali siku tatu au zaidi. Kuanzia siku ya 21 hadi ya 100 mgonjwa huchangia, na mwaka ule mchango ulikuwa dola 204 kwa siku. Siku ya 17 ofisa wa ustawi wa jamii alituita sisi watoto wanne, watatu kwa simu na mimi mbele ya meza yake, akatuuliza Mama akitoka pale ataelekea wapi. Hatukuwa na jibu. Nyumba yangu ina vidato 14 kabla ya kufika vyumba vya kulala, na mimi na mke wangu sote tunafanya kazi za zamu.

Tathmini hii ni ya mahali tulipompeleka: makazi makubwa ya usaidizi kusini mwa Seattle, yenye vyumba zaidi ya 90, ambako alikaa kuanzia Agosti 2024 hadi Mei 2025. Sitayataja jina, maana mengi ya niliyoyaona pale yanaruhusiwa na sheria na mtu atayakuta kwingine pia. Ninawaandikia hasa wenzangu ambao wazazi wao wamezeekea huku Marekani na ambao, kama mimi, watalazimika kuamua jambo hili ndani ya siku tatu.

Nianze na majina, kwa kuwa ndiyo yanayowapoteza watu wengi. Nyumba ya uuguzi ni ya mtu anayehitaji muuguzi karibu saa zote, na viwango vyake vinatokana na sheria ya serikali kuu ya mwaka 1987. Ndiyo sababu mtu anaweza kulinganisha nyumba hizo kwa nyota kwenye tovuti ya Medicare. Makazi ya usaidizi ni ya mtu anayeweza kuishi kwenye chumba chake mwenyewe lakini anahitaji mkono katika kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kuinuka kitandani au kumeza dawa kwa wakati. Haya hayana nyota wala sheria moja ya nchi nzima; kila jimbo lina leseni zake na wakaguzi wake. Hapa Washington yako chini ya Idara ya Huduma za Jamii na Afya, DSHS, na leseni yake ni ya mahali penye wakaaji saba au zaidi. Nyumba ya kawaida ya mtaani inayopokea wazee wawili hadi sita, na nyingine chache zilizokubaliwa hadi wanane, hupewa leseni tofauti, ile ya nyumba ya familia ya watu wazima. Wengi wetu tunazijua nyumba hizi kwa sababu tumefanya kazi ndani yake tulipofika nchi hii, na ajabu ni kwamba sikufikiria hata mara moja kumpeleka mama yangu kwenye mojawapo.

Sehemu ya lawama hiyo ni yangu, sehemu nyingine ni ya wakala aliyetutembeza. Huduma ya mawakala hawa ni bure kwa familia. Anayewalipa ni makazi yenyewe, mzee akishahamia, na malipo huwa ni sehemu kubwa ya kodi ya mwezi wa kwanza au hata yote. Sheria ya Washington inamtaka wakala aeleze kwa maandishi anavyolipwa, na wetu alitupa karatasi hiyo. Tuliitia saini tukiwa tumesimama kwenye maegesho ya magari. Alituonyesha sehemu tatu, zote kubwa, zote zenye piano ukumbini.

Mazuri ya mahali penyewe nitayasema bila kuyapunguza. Chumba cha Mama kilikuwa na mlango wake, bafu lake, jiko dogo la kuchemshia chai na dirisha lililotazama miti. Fikra hii ya mzee kuwa na mlango anaoufunga mwenyewe ndiyo iliyoyatenga makazi haya na nyumba za uuguzi tangu yalipoanza kuenea kutoka Oregon miaka ya 1980, na kwa Mama haikuwa jambo dogo. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la leso, na kila mgeni alipogonga alikaa kwanza kidogo kabla ya kumfungulia, ili ajulikane kuwa ni mwenye nyumba. Chakula kilikuwa cha kuridhisha, kisicho na chumvi. Usafi haukuwa na dosari. Basi dogo liliwapeleka wakaaji kwa daktari siku za Jumanne na Alhamisi, na dereva alimjua kila mmoja kwa jina.

Sasa bei. Tuliambiwa dola 4,950 kwa mwezi, na nilipolinganisha na wastani wa kati wa nchi nzima, ambao uchunguzi wa gharama wa kampuni ya Genworth uliuweka kuwa dola 5,900 kwa mwezi mwaka 2024, niliona tumepata nafuu. Hiyo 4,950 ilikuwa kodi ya chumba, milo mitatu na kufagiliwa mara moja kwa wiki. Msaada wenyewe, ule uliotupeleka pale, ulikuwa na bei yake pembeni. Mama aliwekwa ngazi ya pili ya huduma, dola 900. Kutunziwa na kupewa dawa, dola 450. Na kabla hajaingia, ada ya kujiunga ya dola 3,500 ambayo hairudi hata mzee akiondoka baada ya wiki. Mwezi wa kwanza tulilipa dola 9,800.

Sheria ya jimbo inataka tathmini kamili ya mkaaji ifanyike ndani ya siku 14 za kuhamia na makubaliano ya huduma yaandikwe ndani ya siku 30. Yote mawili yalifanyika kwa wakati. Tathmini ile ndiyo iliyompandisha Mama hadi ngazi ya tatu, dola 1,450, na nilipoomba nionyeshwe imefikiwaje nilipewa karatasi ya pointi. Kuvalishwa soksi za kubana asubuhi, pointi sita. Kuvuliwa soksi hizo hizo usiku, pointi nne. Kusindikizwa kuoga mara mbili kwa wiki, kumi. Kukumbushwa chakula cha mchana, tatu. Pamoja na mistari mingine, jumla ilikuwa 43, na ngazi ya tatu ilianzia 41. Nilimtazama muuguzi, nikamwambia kwamba chumba cha chakula kiko hatua 30 kutoka mlangoni pa Mama na kwamba mwanamke huyo hajawahi kukumbushwa kula tangu nimjue. Alicheka, akazifuta zile tatu. Zikabaki 40, tukarudi ngazi ya pili, na dola 550 za kila mwezi zikabaki mfukoni kwa mazungumzo ya dakika kumi. Ninalisimulia hili kwa urefu kwa sababu watu wengi hupokea barua ya ngazi mpya kama wanavyopokea bili ya umeme, ilhali karatasi ya pointi inaweza kuombwa na kupingwa mstari kwa mstari.

Ushindi huo haukudumu. Mwanzoni mwa Desemba ilikuja barua ya kupandisha kodi kwa asilimia 8 kuanzia Januari. Jimbo hili linataka notisi ya maandishi ya siku 30 kabla ya kubadilisha malipo, nao waliitoa, na sheria haiwawekei kiwango cha juu cha kupandisha. Februari Mama alianza kuhitaji msaada wa kwenda msalani usiku, akarudishwa ngazi ya tatu kwa haki kabisa. Kodi dola 5,346, huduma 1,450, dawa 450: dola 7,246 kwa chumba kile kile tulichoahidiwa kwa 4,950.

Fedha hizo ningeendelea kuzilipa laiti usiku ungekuwa kama mchana. Mama alikuwa na kengele ndogo ya kuvaa shingoni. Asubuhi moja ya Machi nilimkuta amekaa kando ya kitanda, glasi ya maji ya jioni ikiwa imejaa haikuguswa. Aliniambia alikuwa ameacha kunywa chochote kila siku kuanzia saa kumi na moja jioni, siku ya nne sasa. "Nilibonyeza nikangoja, nikabonyeza tena nikangoja," alisema, "nikaona bora nikauke kuliko kulowa kama mtoto." Niliomba ofisi inichapishie kumbukumbu za kengele, na sifa moja ya pale ni kwamba hawakunificha: usiku wa Jumapili iliyotangulia alibonyeza saa tisa kasoro robo, akajibiwa baada ya dakika 41. Zamu ile ilikuwa na wahudumu wawili kwa jengo zima.

Nilidhani nimewakamata wakivunja sheria. Kanuni za Washington zinataka makazi yawe na wahudumu wa kutosha waliofunzwa kwa mahitaji ya wakaaji waliopo, na hazitaji idadi ya wahudumu kwa idadi ya wazee. Mafunzo yanasimamiwa kwa ukali zaidi, saa 75 kwa wahudumu wengi wapya, jambo ambalo majimbo mengi hayalifikii. Lakini mhudumu aliyefunzwa saa 75 hawezi kuwa ghorofa ya kwanza na ya tatu kwa wakati mmoja. Swali ambalo ningeuliza leo siku ya kutembezwa, kabla ya kutazama piano, ni wahudumu wangapi wako macho saa nane za usiku na wanahudumia wakaaji wangapi, kisha ningeomba jibu liandikwe.

Ningefanya pia jambo ambalo nililifanya nikiwa nimechelewa. Kwa kawaida DSHS huyakagua makazi haya angalau mara moja katika kila miezi 18, na ripoti za ukaguzi huwekwa kwenye tovuti yake, bure. Yetu ilikuwa na makosa mawili yaliyoandikwa mwaka mmoja kabla hatujafika, moja likiwa la kuchelewa kujibu wakaaji usiku. Ripoti ilikuwa na kurasa sita. Tulitumia muda mrefu zaidi kuchagua pazia.

Nilipowasiliana na ofisi ya ombudsmani wa huduma za muda mrefu, mtetezi wa wakaaji ambaye kila jimbo lazima liwe naye chini ya sheria ya Wamarekani wazee, alikuja mama mmoja wa kujitolea, akazungumza na Mama peke yake mlango ukiwa umefungwa, kisha akaonana na mkurugenzi. Huduma hiyo hailipiwi, na jina la mlalamikaji halitolewi bila idhini yake. Kwa wiki tatu kengele ilijibiwa ndani ya dakika kumi. Wiki ya nne tukarudi tulikotoka, na nikatoa notisi.

Kuhusu Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ninaona vijiwe vyetu vya kahawa vimejaa maneno ya nusu. Medicare hailipi kodi wala huduma ya kila siku katika makazi ya usaidizi, hata senti. Medicaid yaweza kulipia huduma kupitia mipango maalumu ya kila jimbo, hapa kwetu mojawapo ikiitwa COPES, lakini hailipi kodi ya chumba na chakula, ambavyo mkaaji huvigharimia kutokana na mapato yake. Kwa mtu asiye na mwenzi, Washington hutaka akiba isizidi dola 2,000, bila kuhesabu baadhi ya vitu, na hutazama miaka mitano nyuma kuona kama alitoa mali bila kulipwa. Kiwanja ulichomshauri mama akiandike jina la mjukuu mwaka juzi kinaweza kumchelewesha. Wengi wenye ukaazi wa kudumu hungoja miaka mitano kabla ya kustahili Medicaid kamili, na mzazi aliyeletwa akiwa mzee bila kuwa na miaka ya kutosha ya kazi hapa naye hutakiwa kuishi miaka mitano mfululizo kabla ya kununua Medicare. Mama alifanya kazi kwenye dobi la hoteli miaka mingi, kwa hiyo hayo hayakutugusa. Lililotugusa lilikuwa ukurasa wa 19 wa mkataba: makazi yangempokea kama mkaaji wa Medicaid baada ya kulipa kwa fedha binafsi miezi 24, na endapo tu kungekuwa na nafasi. Sheria ya hapa inawalazimu kuieleza sera hiyo kwa maandishi. Waliieleza. Mwenye kuwa na akiba ya miezi 18 na asiyesoma ukurasa huo atajikuta anatafuta makazi mapya akiwa hana kitu.

Kwa sisi tunaoendelea kufanya kazi Washington, asilimia 0.58 ya mshahara imekuwa ikikatwa tangu Julai 2023 kwa ajili ya WA Cares, mfuko wa jimbo wa huduma za muda mrefu, ambao ulipangwa kuanza kulipa mafao ya hadi dola 36,500 kwa mtu katika maisha yake kuanzia Julai 2026. Kwa bei niliyokuwa nalipa mimi, hiyo ni miezi mitano.

Msomaji aliyeko jimbo jingine asichukue sheria za kwetu kuwa zake. Texas hugawa leseni katika aina A na aina B, na tofauti kubwa ni iwapo mkaaji anaweza kutoka mwenyewe moto ukizuka na iwapo anahitaji kuangaliwa usiku. Mzazi kama wangu angehitaji aina B, ambako wahudumu wa usiku lazima wawe macho. California huyaita makazi ya utunzaji wa wazee na kuyaweka chini ya idara ya ustawi wa jamii, na katika nyumba zenye watu chini ya 16 mhudumu wa usiku anaruhusiwa kulala ilimradi yumo ndani. Florida, tofauti na kwetu, imeweka saa za chini za wahudumu kwa wiki kulingana na idadi ya wakaaji, na humpa mkaaji notisi ya siku 45 kabla ya kuhamishwa, ambapo Washington hutoa 30. Minnesota, wanakoishi wenzetu wengi wa Afrika Mashariki, ilianza kutoa leseni maalumu ya makazi ya usaidizi tarehe 1 Agosti 2021 tu, nayo ina daraja la pili kwa mahali panapotunza wenye maradhi ya kusahau. Ikiwa mzazi ameanza kupotea njia ndani ya nyumba yake, leseni ya daraja hilo itazamwe kabla ya kitu kingine chochote.

Mama sasa yuko kwenye nyumba ya familia, wakaaji watano, mtaa wa kawaida wenye kikapu cha mpira kwenye kila kijia cha gari. Tunalipa dola 6,800, kila kitu ndani, bila ngazi wala pointi, na mwenye nyumba alitwambia tangu mwanzo kwamba mkaaji akiishiwa baada ya mwaka atampokea kwa Medicaid. Tuliomba aiandike, akaiandika. Usiku yuko mhudumu mmoja, lakini chumba chake kiko mita nne kutoka cha Mama, na glasi ya maji sasa huikuta tupu asubuhi. Upungufu upo. Televisheni ni moja na hushikwa na mzee mmoja anayependa besiboli. Hakuna basi la kwenda kwa daktari. Ninaomba ruhusa kazini. Mchana, mhudumu akimwogesha mmoja, wanne hungoja.

Makazi yale makubwa ningeyapendekeza kwa mzee anayetembea vizuri, anayelala usiku kucha, anayependa watu na ambaye familia yake ina akiba ya miaka miwili kamili juu ya bei iliyoandikwa kwenye kijitabu. Kwa anayehitaji mkono saa nane za usiku, hapana, si kwa bei ile.

Siku ya kuhama Mama aliufungua ule ufunguo kwenye pindo, akauweka mwenyewe mezani pa mapokezi, akadai risiti. Huku alikohamia mlango wa chumba chake hauna komeo. Ameuliza mara mbili, mwenye nyumba amekubali, na nimenunua kitasa ambacho mhudumu anaweza kukifungua kwa nje akihitajika. Fundi anakuja Jumamosi.